Pikipiki Ilalapo Wakati wa Masika

Ingia katika duka lo lote la vipuli mjini Lubumbashi, ushike chupa ya mafuta ya pikipiki, uisome. Huenda utakuta maandishi haya: 20W-50. Wanunuzi wengi huyapita bila kuyatazama, kama mtu anavyoipita alama ya kiwanda iliyo chini ya sahani. Lakini herufi ile W, iliyosimama katikati ya tarakimu, ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Tarakimu iliyo mbele yake yaonyesha jinsi mafuta yawezavyo kutiririka mashine ikiwa imepoa sana. Tarakimu ya mwisho yaonyesha uzito wa mafuta yale yale yakiwa na moto wa digrii 100. Kipimo hiki kilitungwa na wahandisi wa Marekani, nchi ambayo sehemu zake nyingi hupata theluji, na mafuta ya mashine, yasipochaguliwa vema, huwa mazito kama asali iliyokaa siku nyingi.

Sisi wa Katanga twaijua baridi kwa namna yetu. Mji wa Lubumbashi uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,200, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka mara nyingi chini ya digrii 10. Watoto huenda shuleni asubuhi wamejifunika, na wauza makala hufanya biashara njema. Walakini hakuna anayeifungia pikipiki yake ndani kwa sababu ya baridi hiyo. Miezi ile ndiyo iliyo njema kwa safari, maana mvua hakuna kabisa na njia ni kavu, ingawa vumbi ni jingi.

Majira yetu ya kuilaza pikipiki ni masika. Na hapa pana jambo la kufurahisha. Katika Ubelgiji na Kanada wenye pikipiki wengi huzifungia ndani tangu Novemba hata Machi, kwa ajili ya theluji na ya chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Nasi mvua zetu kubwa huanguka katika miezi ile ile, Novemba hata Machi, pamoja na mvua chache za Oktoba na Aprili. Sababu ni mbalimbali, lakini kalenda ni moja. Kwa hiyo shauri lililoandikwa katika vitabu vya mashine juu ya majira ya baridi twaweza kulichukua sisi pia, mradi neno theluji tulisome tope.

Njia za udongo mwekundu

Asiyepajua Kinsevere afikiri mahali palipo kaskazini ya Lubumbashi, umbali wa kilometa 30 hivi. Jina lake limejulikana mbali kwa sababu ya mgodi wa shaba, ambao tangu mwaka 2012 ni mali ya kampuni iitwayo MMG. Lakini si kila akaaye upande ule ni mfanyakazi wa mgodi. Wako wanaolima mahindi na mihogo, wako wanaochoma makala na kuyapeleka mjini, wako wanaouza sabuni, chumvi na unga kando ya njia. Na njia zao nyingi ni za udongo mwekundu.

Upande wa Lubumbashi hupata mvua ya milimeta 1,200 hivi kwa mwaka, na karibu yote huanguka katika nusu mwaka. Udongo ulio mgumu kama sakafu mwezi wa Agosti, mwezi wa Januari hulishika gurudumu na kukataa kuliachilia. Basi wengine huiweka pikipiki masika yote, kwa kuwa njia ya shambani haipitiki ila kwa miguu. Wengine huiweka kwa sababu kibarua kimekwisha na fedha ya petroli haipo. Na wako akina baba wanaosafiri kwenda Likasi au Kolwezi kutafuta kazi kwa miezi mitano, na pikipiki hubaki nyumbani, imeegemezwa ukutani chini ya turubai, katika ulinzi wa mama wa nyumba.

Yafaa tukumbuke kitu hicho ni nini kwa jamaa. Si chombo cha fahari. Katika nyumba nyingi ni mali ya pili baada ya nyumba yenyewe, na imenunuliwa kwa akiba ya miaka. Hubeba magunia ya mahindi mpaka sokoni, humpeleka mgonjwa hospitalini usiku, na kwa nauli ya abiria hulipa karo ya shule. Kiangazi kikirudi, jamaa yote huitazamia iwake. Isipowaka, au ikiwaka kwa kelele ya chuma juu ya chuma, mipango ya mwaka mzima yaharibika.

Hapo ndipo swali linapozuka, nalo ni swali la fedha. Baba anapojitayarisha kusafiri hutazama mafuta ya mashine, huyaona meusi, na kujisemea: Mafuta haya yamekwenda kilometa elfu moja tu na kidogo. Ya nini kutia mafuta mapya katika mashine isiyokwenda? Nikirudi Aprili nitamwaga haya na kutia mapya, nianze vizuri. Jirani yake husikia na kusema kwamba ndiyo akili. Hata mama wa nyumba hufurahi, maana bei ya lita moja ya mafuta yaweza kununua unga.

Tuseme baba huyo, kabla ya kusafiri, apite kwa fundi wa makamo aliyekaa chini ya mwembe wake na vyombo vyake.

— Jambo, baba fundi. Naiacha mashine mpaka masika yaishe. Mafuta nitabadili nikirudi.

— Jambo, mwanangu. Na kwa nini usibadili leo?

— Haya bado yanateleza. Nimeyagusa kwa kidole.

— Kuteleza yanateleza. Lakini kazi ya kuteleza ni pale mashine inapozunguka. Ikisimama, mafuta yana kazi nyingine.

— Kazi gani tena, nayo imelala?

— Kulinda. Utamwachia mlevi mlango wa nyumba yako kwa miezi mitano, kwa kuwa tu bado ana rungu mkononi?

Fundi huyo amesema kweli, na inafaa tueleze kwa nini.

Asidi ya mgodi na asidi ya mashine

Vijana wa Kinsevere hawahitaji kufundishwa asidi ni nini. Katika kiwanda cha mgodi kilichoanza kutoa mabamba ya shaba mwaka 2011, mawe yenye madini husagwa, kisha hutiwa katika mapipa makubwa pamoja na maji yenye asidi ya salfa. Asidi huila shaba iliyomo ndani ya jiwe, na shaba huyeyuka kama chumvi katika mchuzi. Maji yale yakisha kusafishwa hupitishwa umeme, na shaba hujikusanya tena, bamba kwa bamba, safi kabisa. Asidi ni mtumishi bora wa mgodi, kwa sababu hula metali polepole bila kelele.

Sasa, asidi ya ukoo ule ule huzaliwa pia ndani ya mashine ya pikipiki. Hakuna aliyeitia, yatoka katika petroli yenyewe. Petroli ina chembe za salfa, kidogo au zaidi kulingana na mahali ilikosafishwa. Petroli inapoungua, salfa huungua pamoja nayo na kuwa moshi mkali. Hewa nayo, katika moto mkubwa wa silinda, hutoa moshi wake wa naitrojeni. Moshi hizo zikikutana na maji huwa asidi.

Na maji yatoka wapi? Hapa wasomaji wengi watashangaa. Lita moja ya petroli ikiungua kabisa hutoa karibu lita moja ya maji. Ndivyo ilivyo, maana petroli ina haidrojeni nyingi, na haidrojeni ikiungua huwa maji. Hatuyaoni kwa sababu hutoka katika bomba la moshi kama mvuke. Lakini asubuhi ya Julai, mashine ikiwashwa, mtu huona matone yakidondoka mwishoni mwa bomba. Sehemu kubwa ya mvuke na moshi hutoka nje kwa njia hiyo. Sehemu ndogo hupenya kandokando ya pete za pistoni na kushuka katika tumbo la mashine, mahali mafuta yanapokaa.

Watengenezaji wa mafuta walilijua jambo hilo zamani. Kwa hiyo huchanganya ndani ya mafuta dawa mbalimbali. Moja kati yake ina tabia ya majivu. Akina mama wanaofahamu maji ya majivu, yale yanayotumika kutengeneza sabuni, wataelewa upesi: kama majivu yapingavyo kitu kichachu, ndivyo dawa hiyo inavyozima asidi inapozaliwa. Dawa nyingine hushika masizi yasijikusanye mahali pamoja. Ndiyo sababu mafuta mazuri hugeuka meusi, na weusi peke yake si ishara kwamba yameharibika. Lakini dawa hutumika. Kila siku ya kazi hupunguza kidogo, mpaka mwisho mafuta hubaki yanateleza kidoleni huku ulinzi wake umekwisha. Kidole hakiwezi kupima asidi.

Mashine inapokwenda kila siku, madhara ni madogo. Joto hukausha maji, na mzunguko huleta mafuta kila mahali. Mashine ikilala ndipo hatari inapoanza. Mafuta hushuka chini, na juu ya vyuma hubaki utando mwembamba tu. Ikiwa utando huo ni wa mafuta yaliyochoka, yaliyojaa maji na asidi, basi umevipaka vyuma vyako sumu na kuviacha hivyo miezi mitano. Beringi za chuma cha pua, kuta za silinda, meno ya gia, na katika mashine nyingine bushi za shaba iliyochanganywa na bati, vyote huguswa. Asidi haijui kama shaba ile ni ya jiwe la mgodi au ya bushi ya pikipiki. Huila vile vile.

Ongeza juu ya hayo masika yetu. Mchana jua latoka kati ya mvua na mvua, hewa ndani ya mashine yapata moto na kutanuka. Usiku yapoa na kujivuta, nayo huvuta hewa ya nje yenye unyevu kwa tundu la kupumulia. Mashine hupumua hivyo kila siku, na kila usiku chuma baridi huweza kukusanya umande ndani. Utando wa mafuta mapya wawezana na umande huo. Utando wa mafuta machakavu hauwezi. Kutu huanza kwa doa dogo kuliko mbegu ya ulezi, lakini doa dogo juu ya gololi ya beringi hugeuka kuwa shimo, na shimo huleta mngurumo ule ambao kila fundi huufahamu akiwa bado hajaigusa mashine.

Kwa hiyo jibu ni hili: mafuta hubadilishwa kabla ya mashine kulala. Anayengoja Aprili hutia mafuta safi juu ya vyuma vilivyokwisha kuliwa. Lita ni ile ile moja, na bei ni ile ile. Tofauti ni siku ya kuinunua. Wako wanaosema kwamba ni lazima kubadili mara mbili, kabla na baada. Kwa mtu mwenye fedha nyingi si dhambi. Kwa jamaa yenye kuhesabu kila franka, mara moja inatosha, nayo iwe mwanzoni mwa masika.

Dakika tano za Jumapili

Pana desturi moja inayopendwa sana, na ambayo mimi naiona kuwa hatari kuliko uvivu. Mwenye pikipiki, au kijana wa nyumba aliyeachiwa ufunguo, huitoa chini ya turubai kila Jumapili, huipiga kiki, huiacha ingurume dakika tano, kisha huizima na kuifunika tena. Husema anaipasha moto isije ikasahau kazi. Watoto hufurahi, majirani husikia kwamba pikipiki i hai.

Fikiri tena habari ya maji. Dakika tano hutosha kuchoma petroli na kuzalisha mvuke, lakini hazitoshi kuyapasha mafuta joto la kuukausha mvuke huo. Maji huingia, wala hayatoki. Jumapili ishirini za namna hii ni mara ishirini za kumimina unyevu ndani ya mafuta uliyoyalipia. Kadhalika bomba la moshi huoza kwa ndani. Ama iache ilale kabisa, ama, ikiwa siku ni kavu na njia yapitika, iendeshe kweli nusu saa nzima mpaka mashine yote ipate moto. Kati ya haya mawili hakuna njia ya tatu iliyo njema.

Namna ya kuifanya kazi

Kazi yenyewe, ambayo mafundi wetu huiita kwa neno la Kifaransa vidanji, si ngumu, na kijana wa shule ya ufundi aweza kuifanya nyumbani. Lakini ifanywe kwa utaratibu.

Kwanza soma kitabu cha pikipiki, kama kipo, ujue ni mafuta gani na kiasi gani. Pikipiki ndogo za India na China zilizojaa katika barabara zetu, za sentimeta 100 mpaka 150 za ujazo, nyingi huchukua lita moja hivi. Juu ya chupa tafuta pia maandishi JASO MA. Ni alama ya Wajapani, na maana yake ni kwamba mafuta hayo yafaa kwa mashine ambayo klachi yake, ile mafundi wa Lubumbashi waiitayo ambreyaji, huoga katika mafuta yale yale ya injini na gia. Mafuta mengine ya magari ni mateleza mno kwa klachi ya namna hiyo. Mtu hupandisha mlima, mashine yalia, gurudumu halivuti. Tena tazama kifuniko cha chupa kama muhuri wake ni mzima. Chupa nzuri iliyojazwa mara ya pili mafuta mabaya ni hasara kuliko kutonunua.

Kisha endesha pikipiki dakika kumi au kumi na tano. Mafuta yenye joto hutoka upesi na kuchukua taka zilizokuwa zimelala chini. Usingoje mashine iwe moto wa kuunguza. Mafuta ya moto mkali yamewachubua mikono vijana wengi. Isimamishe mahali pa tambarare, weka beseni kuukuu chini, fungua kifuniko cha juu ili hewa iingie, halafu fungua bolti ya chini. Acha mafuta yatoke mpaka yadondoke tone moja moja, robo saa nzima. Wenye haraka huifunga bolti mapema na kuacha ndani sehemu ya mafuta mabovu, ambayo huchafua mapya.

Katika muda huo safisha chujio la wavu, au badili chujio ikiwa ni la karatasi. Chunguza taka zilizokamatwa. Unga mwembamba wa kung'aa ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu kwa macho ni habari mbaya, na mashine ifunguliwe na fundi kabla ya kuendelea.

Kuirudisha bolti ndipo wanapoharibu wengi. Tumbo la mashine ni la alumini, laini kuliko chuma cha bolti. Anza kwa vidole vyako, bila spana, mpaka bolti izunguke yenyewe kwa wepesi. Ikikataa, itoe uanze tena. Badili pete yake ndogo, ambayo gharama yake si kitu. Kaza kwa kiasi, si kwa nguvu zote za bega. Bolti iliyokula njia yake haizuii mafuta, na kuitengeneza ni kazi ya karakana.

Tia mafuta mapya, washa mashine dakika mbili au tatu ili yafike kila mahali, zima, ngoja kidogo, ndipo upime kimo chake. Hapa soma kitabu tena, maana kijiti cha kupimia katika pikipiki nyingine husomwa bila kukikaza, na katika nyingine hukazwa kwanza. Kuzidisha mafuta si wema; mafuta yaliyozidi hutafuta njia ya kutoka.

Bado jambo moja la mafuta. Fungua buji, ambayo watu wa pwani huiita plagi, utone kijiko kimoja cha chai cha mafuta safi ndani ya silinda. Ufunguo ukiwa umezimwa, kanyaga kiki polepole mara tatu nne, kisha rudisha buji. Hivyo ukuta wa silinda wapata utando wake.

Mengine nayataja kwa haraka. Tangi lijazwe petroli, maana tangi tupu hushika kutu. Kabureta nayo imwagwe yake, kwa sababu petroli iliyokaa humo huganda na kuziba tundu dogo. Betri itolewe. Mnyororo upakwe mafuta, magurudumu yajazwe upepo. Bomba la moshi na njia ya hewa vizibwe kwa kitambaa, panya wasifanye makao. Na andika katika kipande cha karatasi tarehe ya vidanji, hesabu ya kilometa, na maneno haya: kitambaa kimo katika bomba. Karatasi hiyo ifungwe katika usukani. Baba akirudi baada ya miezi mitano hatakumbuka, na huenda atakayeiwasha si yeye.

Mafuta yaliyomwagwa

Sasa ndani ya beseni imo lita moja ya mafuta meusi, na mahali pengi huishia katika mfereji au nyuma ya nyumba. Serikali ya Marekani, kwa idara yake ya mazingira, huwaonya watu kwamba mafuta yanayotoka katika gari moja, yanapobadilishwa mara moja tu, yaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi, yaani zaidi ya lita milioni tatu na nusu. Pikipiki hutoa machache kuliko gari. Lakini hesabu pikipiki zote za mtaa mmoja. Nasi tunayamwaga wakati gani? Mwanzoni mwa masika, mvua ya kwanza ikiwa karibu kuyachukua hadi kisimani. Jamaa nyingi za vijijini hunywa maji ya visima vifupi, na mafuta yakiisha kuingia katika udongo hakuna wa kuyatoa.

Yatie katika chupa ile ile uliyonunulia mafuta mapya, uifunge vizuri, uandike juu yake kwamba ni machafu, uiweke mbali na watoto. Ukienda mjini ipeleke kwa karakana inayokusanya mafuta hayo katika mapipa. Usiyatumie kuwashia moto wa jikoni, wala usiwapake wanyama kidonda, kama wengine wafanyavyo. Mafuta yaliyotumika yana masizi na sumu, na mtu anayeyagusa miaka mingi bila kunawa aweza kupata kansa ya ngozi. Nawa kwa sabuni baada ya kazi. Petroli isiwe sabuni, maana huifungulia sumu mlango wa ngozi.

Siku ya kuitoa

Mwezi wa Aprili, au wakati wo wote njia inapokauka, soma kwanza karatasi ya usukani, toa vitambaa, rudisha betri. Kisha tazama mafuta. Ikiwa kimo chake ni kile kile na rangi yake ni safi, yaache. Hayajaenda kilometa hata moja, na miezi mitano ndani ya mashine iliyofungwa vizuri haiyaharibu. Ikiwa yamekuwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, huenda mvua ilivuja juu ya turubai au mfereji ulifurika hata ukafika kwenye mashine. Mafuta hayo yamwagwe siku ile ile, kabla ya kupiga kiki, wala bei isifikiriwe.

Kama yote ni sawa, kanyaga kiki mara chache ufunguo ukiwa umezimwa, ili mafuta yapande, ndipo uwashe. Moshi wa buluu utatoka dakika ya kwanza. Ni ule mkijiko wa mafuta uliotonwa ndani ya silinda, nao utakoma. Nenda polepole mpaka sokoni na kurudi, kisha inama utazame bolti ya chini kama ni kavu.